Mdogo wangu usiku wa nne hajalala na anasema hajachoka. Ni msongo tu au ni baipola?

#1 DadaMkubwa
Wakuu habari. Naandika saa tisa usiku, mnisamehe nikirukaruka.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 27, mhasibu. Kazini walipunguza watu, akabaki na kazi ya watu watatu na hesabu za kufunga mwaka juu yake. Mwezi uliopita akawa analala ofisini. Baadaye akanyamaza kabisa, karibu wiki mbili, hata kuoga akawa anakumbushwa. Halafu Jumamosi akaamka mtu mwingine. Anaongea mpaka mate yanamkauka, anaanza na habari za kazi anaishia kwenye nyota, ukimuuliza vinaungana wapi anakasirika kwamba kichwa chako kizito. Jana usiku amenitumia jumbe za sauti 41, na mimi nipo chumba cha pili.

Sasa hivi yuko sebuleni. Ametandika shuka jeupe sakafuni, amefungua redio mbili na feni, skrubu zote kazipanga kwa mistari, kila moja ina kikaratasi chenye namba pembeni yake. Anasema akimaliza kuzipanga ataelewa kwa nini kampuni inapoteza hela. Nikamwambia alale. Akacheka, akasema usingizi ni wa watu wasio na kazi. Kwa usiku mmoja analala masaa mawili, na hachoki! Mimi ndiye ninayeanguka.

Mama anasema ni msongo, akipumzika utaisha. Shangazi ndiye aliyetaja baipola, ule ugonjwa wa akili wa mtu kupanda juu kupita kiasi na kuzama chini kwa vipindi, kwa sababu babu yetu naye "alikuwa akipandwa". Nitajuaje tofauti? Na nimpelekeje mtu anayejiona mzima kuliko sisi sote?

#2 Mpambanaji77
Dada muache kijana apambane. Wengine tunatamani hata nusu ya hizo nguvu. Kufunga hesabu za mwaka kunamvuruga kila mtu.

#3 NuruYaJioni
Kaka #2, nakuomba urudi usome tena pale kwenye skrubu.

Dada, pole sana. Ninaishi na baipola, huu mwaka wa 11. Daktari wangu wa kwanza alinipa kipimo ambacho hakijawahi kunidanganya: mwenye msongo anautafuta usingizi haupati, asubuhi anaamka amechakaa. Aliyepanda hautafuti, kwa sababu hauhitaji. Analala kidogo na anaamka kama amechajiwa. Wewe mwenyewe umeandika, "hachoki".

Mara yangu ya kwanza ilikuja baada ya mitihani ya mwisho. Siku sita nililala masaa matatu matatu, nikawa naona majani ya miti yanang'aa kama yameoshwa mmoja mmoja. Ilikuwa raha, siwezi kuwaficha. Kwa hiyo ukimwambia anaumwa, yeye anasikia unamwomba aache siku bora za maisha yake. Siku ya saba nilikuwa katikati ya barabara naelekeza magari.

#4 NesiWaZamu
Nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi. Kwa maelezo haya sitakuambia ana ugonjwa gani, hilo litasemwa na daktari aliyemwona. Ila hili ni la kupelekwa leo. Usisubiri apumzike kwanza, maana kupumzika kwenyewe ndiko kumemshinda.

Wanaita mania ikifikisha wiki nzima ya kuchangamka au kukasirika kupita kiasi, pamoja na nguvu nyingi, kutolala, kuongea bila breki, mawazo kukimbizana, kujiona mkubwa, kutumia hela hovyo. Ikiwa nyepesi, siku nne zinatosha, nayo wanaiita haipomania.

Mwambieni daktari dawa zote anazotumia, hata za pumu au za ngozi. Prednisoloni inaweza kumpandisha mtu vivyo hivyo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, maambukizi ya ubongo, bangi, vyote vinaweza kufanana na hili kwa macho. Kwa hiyo msishangae wakianza na kupima damu.

#5 Mwalimu_Kifimbo
Nakazia #4 ila narekebisha kidogo. Hiyo wiki si sharti kila mara. Hali ikiwa mbaya kiasi cha kuhitaji kulazwa, inahesabiwa mania hata kama ni siku ya pili. Nasema hivi kwa sababu kaka yangu tulimhesabia siku kama deni. Tukisema "bado siku mbili itimie wiki", siku ya tano akawa ameshasaini mkopo kwa jina la mama.

#6 NesiWaZamu
#5 uko sahihi, ahsante. Niliandika kwa haraka.

#7 Kisa_na_Mkasa
Hili la msongo nalipinga. Watu wangapi wanafanya kazi za watu watatu na hawafungui redio usiku? Hii iko kwenye damu. Babu "alikuwa akipandwa", mjukuu anapandwa, basi. Pacha wa kufanana mmoja akiwa na baipola, uwezekano wa mwenzake kuipata unatajwa kuwa kati ya asilimia 40 na 70.

#8 Mwalimu_Kifimbo
#7 sasa zihesabu hizo namba zako kwa upande wa pili. Pacha wa kufanana wana urithi uleule. Ingekuwa damu peke yake, ingekuwa asilimia 100. Hapo katikati pana nini kama si maisha?

Mwaka 1992 daktari Robert Post wa Marekani aliandika kuhusu jambo analolifananisha na kuwasha moto. Vipindi vya kwanza vya ugonjwa mara nyingi huhitaji tukio zito: msiba, talaka, kufukuzwa kazi. Kila kipindi kikipita, ubongo unakuwa kama kuni zilizokwisha kukauka, na cheche ndogo inatosha. Ndiyo maana kipindi cha kwanza kisichukuliwe kwa mzaha.

#9 Kisa_na_Mkasa
Hiyo ya kuni naijua, na wenzake wanaibishia. Kuna wanaosoma takwimu zilezile wakasema ugonjwa unafika mahali unajiendea wenyewe bila cheche yoyote. Wengine wanasema hapana, cheche zipo, ila zimekuwa ndogo mno hata hakuna anayeziona. Hayo ni mambo mawili tofauti, usiyafunge kamba moja.

#10 Mpambanaji77
Naona maprofesa wameshavaa miwani. Dada anasubiri hapo.

#11 SautiYaKisima
Nina swali kwa mleta uzi. Umesema mwezi uliopita alikuwa analala ofisini. Una hakika alikuwa *analala*?

Nauliza kwa sababu mume wangu tulisema hivyo hivyo: kazi imemzidi, ndiyo maana amevurugika. Baadaye mwenzake akaniambia zile kazi hakupewa, alizichukua mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kupanda, na mtu aliyepanda kidogo ni mfanyakazi bora kuliko wote mpaka siku anapoanguka. Sisi tuliona msongo umeleta ugonjwa, kumbe ugonjwa ndio uliokuwa unakusanya msongo.

#12 DadaMkubwa
#11 umenitia baridi. Nimempigia mwenzake wa kazini sasa hivi. Anasema kazi ya watu wawili walioondoka ilikuwa igawanywe kwa watu wanne. Mdogo wangu alisimama kwenye kikao akasema ataifanya yote peke yake. Na barua pepe zake zilikuwa zinaingia saa kumi alfajiri, tangu wiki ya kwanza.

Na kuna jambo sikuwaambia kwa kuwa sikujua lina maana. Aliponyamaza zile wiki mbili alienda mwenyewe kumwona daktari, akapewa dawa za sonona. Ameanza kuzitumia siku 12 zilizopita.

#13 Kisa_na_Mkasa
Basi mjadala umekwisha. Ni dawa. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mwenye baipola, inaweza kumrusha juu.

#14 NesiWaZamu
Inaweza. Lakini #13 usifunge faili. Ana dawa, ana usingizi uliokatika mwezi mzima, ana babu, ana kazi. Yoyote kati ya hayo ingetosha, na huenda ni yote kwa pamoja.

Dada, chukua boksi la dawa uende nalo. Msiikatishe wenyewe kimyakimya, ila daktari aione *leo* na mwambieni ilianza tarehe ngapi. Wala msimlaumu aliyeiandika. Watu huja hospitali wakiwa chini, wakiwa juu hawaji. Daktari asipouliza "umewahi kuwa na siku ulizokuwa na nguvu kupita kawaida bila kulala", anaona sonona tupu. Wengi hukaa miaka na jina lisilo lao kwa sababu hiyo.

#15 BintiWaPwani_Tulivu
Mimi naongeza kisa kisichokuwa na dawa wala kazi. Dada yangu alijifungua, siku ya tano akaanza kusema mtoto anaongea naye kwa macho. Sote tukasema furaha ya uzazi. Hakuwa na historia yoyote tuliyoijua. Siku chache za kwanza baada ya kujifungua ni hatari sana kwa ugonjwa huu, na sisi tulikuwa tunampongeza kwamba hachoki kunyonyesha usiku.

Sijui msongo ni upi hapo. Homoni? Kukosa usingizi? Vyote?

#16 Mja_wa_Mola
Msiache kumwombea. Mengine yanahitaji dua.

#17 BintiWaPwani_Tulivu
#16 tuliomba, na tuliomba ndani ya gari tukielekea hospitali. Haikuzuia kitu.

#18 Fundi_Saa
Tuje kwenye swali la pili la dada, maana la kwanza mtalipiga mpaka kesho. Anampelekaje?

Usibishane naye kuhusu skrubu. Usimwambie hazina maana, na usijifanye unaona maana. Zungumza juu ya kile ambacho hata yeye ana shida nacho. Baba yangu akiwa juu hakubali kwamba anaumwa, lakini anakubali kwamba koo linauma kwa kuongea na mikono inatetemeka. Tunaanzia kwenye koo. Sauti ya chini, taa zipunguzwe, runinga izimwe, mtu mmoja tu aongee. Mkimzunguka watu sita mnamwambia "tulia", mnamwongezea mafuta.

#19 Mwanaukoo
Mimi nilimdanganya kaka yangu kwamba tunaenda kumwona rafiki yake aliyelazwa. Ilifanya kazi.

#20 NuruYaJioni
#19 mimi nilidanganywa hivyo. Walisema tunaenda kwenye usaili wa kazi. Nikavaa shati jeupe, nikabeba vyeti vyangu kwenye bahasha. Nilishuka garini nikaona geti. Ugonjwa ulipungua baada ya wiki tatu, ila kumwamini kaka yangu kulichukua miaka. Na kibaya zaidi, kipindi kilichofuata nilificha dalili, kwa sababu niliogopa kudanganywa tena.

#21 Mwanaukoo
#20 nakuheshimu na naumia kusoma hiyo ya bahasha. Lakini kaka yangu alikuwa ameshapanda juu ya paa mara mbili akisema hawezi kuanguka. Ningemwambia ukweli asingepanda gari. Yuko hai, hajanisamehe, na ningefanya tena.

#22 SautiYaKisima
Kuna njia ya katikati: kusema ukweli mfupi. "Hujalala siku nne, ninaogopa, nataka daktari akusaidie kupata usingizi." Hakuna uongo hapo, na hakuna neno linalomtukana. Mume wangu alikataa mara tatu. Ya nne alikubali alipoulizwa na rafiki yake wa utotoni badala ya mimi. Dada, nani anamsikiliza?

#23 NesiWaZamu
Sawa, lakini kuna mambo yakitokea mazungumzo yanaisha na unaita msaada wa dharura au watu wa kusaidia kumfikisha: akitaja kufa au kuua, akisikia sauti zinazomwamrisha, akiacha kula na kunywa, akitaka kuendesha gari katika hali hiyo, akimtishia mtu. Funguo za gari zitoe machoni sasa hivi. Dawa zote za nyumbani zikae kwa mtu mmoja.

Na muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu wanaogopa kwamba wakiuliza watampa wazo. Kuuliza hakumpi wazo, kunampa mlango wa kusema. Wakati ninaouogopa zaidi wodini ni pale mtu anapokuwa na huzuni na nguvu kwa pamoja: analia huku anatembea chumba kizima, usingizi hana, mawazo yanakimbia na yote ni meusi. Aliyezama chini kabisa mara nyingi hana nguvu ya kufanya lolote. Huyu wa mchanganyiko anazo.

#24 Mwalimu_Kifimbo
Na kadi ya benki. Msimnyang'anye kwa nguvu, mwombeni aitunze kwa mtu anayemwamini mpaka Jumatatu.

#25 Mpambanaji77
Dada, narudi kufuta kauli yangu ya juu. Nimesoma uzi wote. Kuna mwenzangu kazini alikuwa hivi, tukawa tunamwita "mashine" na tunampigia makofi. Aliacha kazi ghafla na hatukuuliza. Nimemtafuta leo. Simu imepokelewa na mkewe.

#26 Dogo_Maabara
Wakati tunamsubiri dada, mtu anieleze lithiamu, ile dawa ya baipola. Nasikia Wamarekani waliigundua mwaka 1970 na inaharibu figo.

#27 Mwalimu_Kifimbo
1970 ni mwaka Marekani walipoiidhinisha. Aliyeandika kwanza kuhusu kuitibu mania kwa lithiamu katika zama zetu ni John Cade wa Australia, mwaka 1949. Alianza kwa kuwadunga simbilisi, akaona wanatulia, akajaribu kwa wagonjwa. Kisha Mogens Schou wa Denmark akaipima kwa utaratibu zaidi, akachapisha mwaka 1954. Ni aina ya chumvi ya madini tu, si ile ya jikoni, haina mwenye kuimiliki, na mpaka leo ni kati ya dawa zenye nguvu kuliko zote kwa ugonjwa huu.

#28 NuruYaJioni
Ninayoimeza naijibia. Figo na tezi hupimwa, na damu hupimwa kujua kiwango. Mimi daktari wangu anataka kiwe kati ya 0.6 na 0.8. Kikizidi 1.5 ni sumu: mikono inatetemeka sana, unatapika, unayumba. Nilifika huko mara moja, na si kwa kuzidisha vidonge. Nilikuwa nimeharisha siku mbili na nikameza ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo. Maji yakipungua mwilini lithiamu inabaki, na dawa za maumivu za aina hiyo zinaizuia kutoka. Wengi wetu hatuambiwi hilo mapema.

Na haifanyi kazi siku hiyohiyo. Inachukua wiki moja au mbili, kwa hiyo mdogo wake dada siku za kwanza atapewa kitu kingine cha kumtuliza. Atakuwa mzito, ataongea polepole. Mama ataogopa, atasema "mmenizimia mtoto". Mwandae mapema.

#29 Kisa_na_Mkasa
#28 na bado kwa mtazamo wako msongo hauna kesi?

#30 NuruYaJioni
Unayo. Ila kwangu mlango wake ni usingizi. Nimefiwa na baba bila kupanda, kwa sababu wiki ile mume wangu alihakikisha saa nne usiku niko kitandani, msiba au hakuna msiba. Na nimepanda kwa sababu ya sherehe tatu mfululizo ambazo nilizifurahia. Furaha nayo inakesha.

Nyuma ya mlango wa kabati nimebandika karatasi niliyoiandika mwenyewe nikiwa mzima. Ina dalili zangu tatu: nikinunua madaftari mapya, nikipigia watu simu kabla ya alfajiri, nikianza kuacha chakula nusu. Zikifika mbili, mume wangu anampigia daktari bila kuniuliza. Nimesaini. Nikiwa juu huwa naichukia ile karatasi, lakini siwezi kusema mwandiko si wangu.

#31 Fundi_Saa
Hiyo karatasi naiiba. Baba naye atasaini akiwa sawa.

#32 DadaMkubwa
Wakuu, nimerudi. Tumetoka naye saa mbili asubuhi.

#22, anayemsikiliza ni mwalimu wake wa zamani wa hesabu. Nikampigia alfajiri, akaja. Hakumwambia kitu kuhusu ugonjwa. Alikaa sakafuni pembeni ya shuka, akamuuliza, "Ukilala kidogo, namba zitabaki mahali pake?" Mdogo wangu akafikiri muda mrefu sana, akasema zitabaki. Nikamwambia vile ulivyoniandikia, neno kwa neno, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Njiani alibadilika mara mbili akataka kushuka. Mwalimu akamshika mkono tu.

Wamempima damu, wameuliza dawa, wamesimamisha ile ya sonona. Daktari amesema kwa sasa anatibu mania, jina la ugonjwa litakuja polepole. Shangazi anasema ni babu. Mama bado anasema ni kazi, na amemwambia daktari hivyo kwa ukali. Daktari akamjibu kwamba zote anaziandika.

Nilimuuliza mdogo wangu lile swali la #23. Alisema ndiyo, zile wiki mbili za kimya. Sikujua. Tulikuwa tunakula meza moja.

Sasa amelala. Masaa sita mpaka sasa, mdomo wazi.

#33 SautiYaKisima
Ahsante kwa kuturudia. Na wewe lala. Usikae hapo ukimhesabia pumzi.

#34 DadaMkubwa
Nimerudi nyumbani kuchukua nguo zake. Lile shuka liko palepale, nimelipita kwa kuruka. Mama anataka nikusanye vyote kabla hajarudi, asije akaviona akaanza tena. Nifanyeje?

#35 NuruYaJioni
Usifagie. Mimi nilirudi nikakuta madaftari yangu yote yamechomwa, nikajua yale ya ndani yangu waliyaona uchafu. Likunje shuka na vitu vyake ndani, liweke juu ya kabati. Siku akiliomba, mlifungue pamoja.

#36 Mwanaukoo
Mimi ningezirudisha skrubu kwenye redio, mojamoja, nikaziwasha hizo redio. Akirudi akute zinafanya kazi.

#37 DadaMkubwa
Ameweka namba mpaka 118. Nimekaa hapa sakafuni nazitazama. Ya 64 haipo.